Mboji ya Mtaani na Mboga Zilizooteshwa kwa Samadi: Nini Hukumu Yake?

Sifa zote njema anastahiki Allah (Subhanahu wa Taala), aliyeijaalia ardhi kuwa tandiko letu na akatutolea ndani yake riziki. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu alayhi wa sallam), Aali zake na Swahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Tumeletewa suali na kina mama wa mtaa mmoja wa Ng'ambo, hapa Mjini Unguja. Ni majirani wa nyumba kiasi ya kumi na mbili. Walikubaliana wasitupe tena maganda jaani, bali wayakusanye pembeni mwa kiwanja kilicho wazi, yaoze yawe mboji, kisha waoteshe mchicha, bamia na bilingani katika mapolo na ndoo mbovu. Ili yaoze haraka wakachanganya samadi ya ng'ombe. Mboga zikastawi, wakala, na nyengine wakauza kusaidia ada za watoto. Kisha bibi mmoja mtu mzima akasema yeye mboga ile hali, kwa kuwa imeoteshwa kwa najisi. Wapo waliomfuata na wapo walioudhika. Jirani wa upande wa pili wa ukuta naye akalalamikia harufu. Kikundi kikawa karibu kuvunjika.

Tunakiri jambo moja kabla ya kujibu. Walipotupigia simu mara ya kwanza tulijibu kwa haraka, tukasema: samadi ni najisi, basi acheni. Jibu lile lilikuwa pungufu. Tulirudi katika vitabu, tukaenda tukaliona fungu lenyewe kwa macho, na haya ndiyo tunayoyaandika sasa. Anayetoa jibu lenye kasoro hana budi alirekebishe hadharani, kwani watu huenda wakalifuata.

Kwa nini jambo hili si dogo

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 893,169 katika Mkoa wa Mjini Magharibi, karibu nusu ya watu 1,889,773 wa Zanzibar nzima. Taka za watu wote hawa lazima zibebwe kwa gari hadi jaa la Kibele, na zisipobebwa hubaki mtaani, mvua za Masika zikaja zikazisomba mpaka mitaroni. Kipindupindu tumekiona katika visiwa hivi, na cha mwaka 2015 na 2016 hatujakisahau. Sehemu kubwa ya taka za majumbani mwetu ni maganda ya ndizi na muhogo, machicha ya nazi, mabua ya mchicha na mabaki ya chakula. Zikipatiwa njia yake, mzigo huu hupungua sana.

Na dini yetu haikuacha mlango huu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas (r.a.), kwamba Muislamu anapopanda kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Ndoo ya mchicha ukutani imo ndani ya fadhila hiyo.

Je, fungu la mboji ni najisi?

Hapa inatakiwa tupambanue. Fungu la maganda, majani makavu na machicha ya nazi peke yake ni tohara. Chakula kilichooza, katika kauli iliyo sahihi kwa Mashafii, hakigeuki najisi kwa kuoza kwake, ingawa hakiliwi kikiwa na madhara. Basi mboji ya mimea mitupu haina suali kabisa.

Fungu lililotiwa samadi ndilo lenye maelezo. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo tunayoyafuata wengi wetu visiwani, kinyesi cha kila mnyama ni najisi, hata ng'ombe, mbuzi na kuku. Na kwao najisi hiyo haitohariki kwa kugeuka udongo. Ama Mamaliki na Mahanbali, kinyesi cha mnyama anayeliwa ni tohara. Na katika Mahanafi, kitu kilichogeuka kabisa umbo na sifa zake huchukua hukumu mpya.

Lakini kuwa kitu ni najisi hakumaanishi kuwa hakitumiki. Imam Nawawi ameeleza katika al-Majmu' kwamba inajuzu kurutubisha ardhi kwa samadi, pamoja na ukaraha. Na imepokewa kuwa Saad bin Abi Waqqas (r.a.), Swahaba mkubwa, alikuwa akibeba mwenyewe kikapu cha samadi kupeleka shambani kwake.

Na mboga yenyewe?

Mboga ni halali na ni tohara. Mmea unaoota mahali penye najisi hauwi najisi kwa dhati yake. Kilichoguswa na samadi mbichi, kama majani ya chini au mizizi, huoshwa kwa maji mpaka rangi na harufu ya najisi iondoke, na hapo kimetoharika. Bamia na bilingani zilizoning'inia juu bila ya kuguswa hazina tatizo.

Basi bibi yetu anayejizuia tusimcheke, kwani kuchunga nafsi ni jambo jema na umri wake una heshima yake. Lakini hana haki ya kuwaharamishia wenziwe alichokihalalisha Allah. Tuliwashauri wafanye mafungu mawili: moja la mimea mitupu, na la pili lenye samadi. Bibi apewe mchicha wa fungu la kwanza. Alipoelezwa hivyo alikubali, na ndiye aliyetuonesha pahala penye kivuli pa kuliweka.

Anayeshika samadi haharibikiwi na udhu. Aoshe tu kilichoguswa kabla ya kusali. Samadi kavu ikigusana na nguo kavu hainajisishi, bali huipangusa. Ni vyema kila mmoja awe na nguo na viatu vya kazi.

Kuuza

Mboga kuziuza ni halali bila shaka. Ama kuuza samadi yenyewe, au mboji iliyochanganyika nayo, Mashafii hawaisahihishi biashara ya kitu najisi, na Mahanafi wanaijuzisha. Njia iliyotajwa na maulamaa wetu ni mwenye samadi kupewa fedha kwa kuachia haki yake na kunyanyua mkono wake, bila ya kufunga mkataba wa kuuziana, au alipwe ujira wa kuibeba. Mboji ya mimea mitupu inauzika kama kitu chengine chochote. Zaka ya mboga kwa Mashafii haipo, kwani zaka ya mazao kwao iko katika vyakula vikuu vinavyowekeka. Hata hivyo kumgaia jirani fungu la mchicha ni sadaka.

Haki ya jirani

Aliyelalamikia harufu alikuwa na haki. Katika misingi ya sheria yetu mtu hadhuru wala hadhuriwi, na Mtume (S.A.W.) alimkataza aliyekula kitunguu saumu kuukaribia msikiti kwa harufu yake tu. Fungu linalonuka ni dalili ya kazi iliyokosewa, na dawa yake ni nyepesi.

Kila ndoo moja ya maganda mabichi ifunikwe kwa ndoo mbili au tatu za vitu vikavu: majani, maranda ya mbao, makumbi yaliyokatwakatwa. Fungu liwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, si la kuchuruzika. Ligeuzwe kwa chepe kila wiki ili lipate hewa, kwani linalokosa hewa ndilo linalonuka. Likiwa na kimo na upana wa kama mita moja, ndani yake hupata moto, na likifika nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi vijidudu vingi vya maradhi na mbegu za magugu hufa. Baada ya miezi miwili hadi minne huwa jeusi, lenye harufu ya udongo uliopata mvua. Samadi mbichi isitiwe moja kwa moja kwenye mboga zinazoliwa bila ya kupikwa. Ikitiwa, kanuni za kilimo hai huhesabu siku 120 kabla ya kuvuna zile zinazogusa udongo.

Visitiwe samaki, nyama, mifupa wala mafuta, kwani huleta panya na inzi. Kinyesi cha binaadamu na maji ya karo visisogezwe kabisa. Na karatasi zenye jina la Allah au aya, zikiwemo kurasa za juzuu kuukuu za watoto wa madrasa, ni haramu kuzitia humo. Zina njia zake za kuhifadhiwa kwa heshima.

Wali na mkate

Mboji isiwe kisingizio cha israfu. Allah ametuamrisha katika Surat al-A'raf, aya ya 31, tule na tunywe bila ya kupita kiasi, na Mtume (S.A.W.) ametufunza tonge iliyoanguka isafishwe na iliwe. Tunayoyaona baada ya futari za Ramadhani yanatia huzuni. Utaratibu ni huu: kwanza tupike kadiri, kisha kilichobaki apewe mtu, kisha kuku, mbuzi na paka. Kisichomfaa yeyote katika hao ndicho kiende kwenye mboji.

Kiwanja ni cha nani?

Hili kina mama hawakutuuliza, tuliwauliza sisi. Ardhi ya mtu haipandwi bila ya idhini yake, hata ikiwa imekaa miaka mingi wazi. Ikiwa ni ya wakfu, aulizwe msimamizi wake au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kwa sababu mali ya wakfu hufuata sharti la aliyewakifu na manufaa yake hayaliwi kiholela. Wao walikuwa hawajauliza. Sheha akawasaidia kumpata mwenyewe, naye akaridhia kwa maneno mbele ya mashahidi. Tumewahimiza waiandike idhini hiyo.

Kwa muhtasari: mboga zao ni halali, zioshwe. Fungu liangaliwe lisimuudhi jirani, na ardhi iwe kwa ridhaa. Tunamuomba Allah azitie baraka mboga zao na azidishe mapenzi baina ya majirani wetu.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.