Mnyonya Damu Yuko Wapi? Gemu ya Watoto Wetu na Hadithi za Nyanya

Mwezi huu tulipanga kuandika juu ya mitihani, lakini kuna jambo limetokea hapa Kiyeyi ambalo tumeona haliwezi kungoja. Ni habari ya gemu moja, homa moja, na neno moja la zamani ambalo wengi wenu mlilisikia mkiwa wadogo.

Tuanze na gemu. Kijana mmoja wa darasa la sita ana kile kimashine cha mkononi kinachoitwa Game Boy Advance. Kilinunuliwa mtumba kule soko la Busia. Kifuniko cha betri kilishapotea, kwa hiyo kimefungwa na kipande cha tyubu ya baiskeli. Kinatumia mawe mawili madogo. Kuna wazazi wamelalamika kwamba redio zinanyamaza kabla ya taarifa ya habari. Basi sasa mnajua mawe yanakwenda wapi!

Kimashine hicho kilitoka mwaka 2001 na siku hizi hakitengenezwi tena. Kioo chake hakina taa ndani. Ukikaa ndani ya nyumba huoni kitu, lazima ukae juani na kukielekeza kwenye mwanga. Ndiyo maana ukipita nyuma ya darasa saa kumi jioni utakuta vichwa sita vimeinama pamoja, mmoja anacheza, watano wanamfundisha.

Gemu yenyewe inaitwa Castlevania: Circle of the Moon. Ilitengenezwa na kampuni ya Konami ya Japani, nayo ilitoka mwaka huo huo wa 2001. Ni moja kati ya gemu nyingi za jina la Castlevania, ambazo zilianza mwaka 1986. Nyingi kati yake zinahusu watu wanaopambana na Dracula, maiti anayeamka usiku kunyonya damu ya watu. Huyo Dracula anatoka katika kitabu cha mwandishi wa Ireland, Bram Stoker, kilichochapishwa mwaka 1897. Kwa hiyo ni hadithi ya kutungwa, na mtungaji wake alikufa zamani.

Baadhi ya wazazi walituambia, "Walimu, hiyo ni gemu ya shetani, ichomwe moto." Sisi hatukutaka kujibu kitu tusichokijua. Tukakaa na watoto juani tukaangalia. Maneno yanayotokea kwenye kioo ni ya Kiingereza, na watoto wengi walikuwa wakiyaruka tu ili wafike kwenye mapigano. Tukawatafsiria. Hapo ndipo wao wenyewe walipojua hadithi wanayoicheza.

Hadithi iko hivi. Ni mwaka 1830, katika kasri la zamani huko Austria. Kuna kijana anaitwa Nathan Graves. Wazazi wake walikufa miaka kumi iliyopita wakipambana na Dracula. Aliyemlea ni mwenzao waliyekuwa naye katika vita hivyo, mzee Morris Baldwin, ambaye pia ni mwalimu wake. Sasa Dracula ameamshwa tena. Wanakwenda watatu: mzee, Nathan, na Hugh ambaye ni mtoto wa kumzaa wa mzee. Wanafika wamechelewa. Mzee anakamatwa ili atolewe kafara, na vijana wawili wanaangushwa shimoni, chini kabisa ya kasri.

Hugh ana kinyongo, kwa sababu baba yake alimpa Nathan mjeledi wa kuwindia badala ya kumpa yeye. Anamwambia Nathan asimfuate, anaondoka peke yake. Kinyongo hicho ndicho Dracula anachokitumia kumgeuza Hugh apigane na mwenzake. Nathan anapanda chumba kwa chumba kutoka chini. Mlango ukimshinda anakwenda kwingine, anapata uwezo mpya, halafu anarudi pale pale. Silaha zake ni mjeledi, kisu, shoka, na pia msalaba na maji ya baraka. Mwishowe anamshinda Hugh bila kumuua, Hugh anapata akili zake, na mzee anaokolewa.

Tulipomaliza kutafsiri, tulimwuliza mwenye gemu ni nini anachokipenda humo. Tulidhani atasema mapigano. Alifikiri kidogo, akasema, "Mwalimu, yule si baba yake lakini anamrudia." Kijana huyo analelewa na nyanya yake. Hatukuuliza zaidi.

Mpaka hapo tungeweza kusema mambo ni mazuri. Lakini sisi tulikuwa tumeshafanya kosa, na tunataka kulikiri hapa.

Siku chache kabla ya hapo, dada mdogo wa kijana huyo, mwenye miaka saba, alituuliza darasani, "Mwalimu, Dracula anakaa juu ya ule mwamba wa Tororo?" Darasa zima likacheka. Na sisi tulicheka. Tukamwambia akae chini, tukaendelea na hesabu.

Wiki ile ile mtoto yule akapata homa. Mama mmoja jirani alimpeleka zahanati pamoja na wa kwake. Alipoona kile kisindano cha kutoboa kidole, alipiga kelele, "Wazimamoto! Wananyonya damu!" Akajinasua akakimbia. Watoto wengine kwenye foleni nao wakaanza kulia. Wakarudi nyumbani bila kupimwa. Kesho yake usiku alikuwa anawaka moto na anaongea maneno yasiyoeleweka. Akabebwa kwa boda-boda gizani. Tunamshukuru Mungu alipimwa, ikaonekana ni malaria, akatibiwa akapona. Lakini ilibaki kidogo sana.

Neno wazimamoto halimo katika gemu. Limetoka wapi basi? Tulikwenda kwa nyanya yao kuuliza, kwa heshima. Hakukataa. "Mwanangu," akasema, "mimi ndiye niliyemwambia. Nilitaka asitembee usiku. Hata mimi mama yangu aliniambia hivyo hivyo." Mtoto alichukua wazimamoto wa nyanya, akachukua Dracula wa kaka yake, akaongeza maneno aliyosikia kwenye foleni ya maji eti damu inayopimwa inauzwa, akavichanganya vyote. Akapata kitu kimoja cha kutisha kuliko vyote vitatu.

Wazee watakumbuka. Zamani za ukoloni, Kenya na Uganda, watu walisema kwamba wazimamoto, wale askari wa kuzima moto mjini, wanakamata watu usiku na kuwatoa damu. Huko Pwani walisema mumiani. Wengine walisema chinjachinja. Mwanahistoria mmoja wa Marekani, Luise White, alizunguka akiwauliza wazee, wakiwemo wa Siaya na wa Kampala, akaandika kitabu kizima juu ya habari hizo kilichotoka mwaka 2000. Hakuwacheka. Alionyesha kwamba maneno hayo yalibeba hofu ya kweli: watu walitawaliwa na wageni, waliona magari mekundu na kazi wasizoelezwa, wakajaza wenyewe pale palipokuwa kimya.

Na mambo hayo hayakubaki midomoni tu. Mwaka 1959 gazeti la Uganda liliandika habari ya mtu aliyefungwa kwa kosa la kujaribu kumuuza mwenzake kwa kituo cha wazimamoto cha Kampala. Yaani aliamini kabisa kwamba pale wananunua watu! Na msidhani yameisha. Mwaka 2017 huko kusini mwa Malawi, katika wilaya za Mulanje na Phalombe, uvumi wa wanyonya damu ulienea mpaka makundi ya watu yakawaua wenzao wasio na hatia, na Umoja wa Mataifa ukawahamisha wafanyakazi wake kwa muda. Fikirini wenyewe. Penye shida, wafanyakazi wa msaada wakiondoka, anayeumia ni nani?

Sisi watu tuliokimbia tunajua vizuri jinsi neno linavyokimbia kuliko miguu. Wengi wetu tulifika hapa kwa sababu kuna siku maneno yalitembea na panga zikafuata. Kwa hiyo tusiseme, "Ah, ni hadithi ya watoto."

Sasa tuseme ukweli juu ya damu, ili kila mtu nyumbani auelewe. Kipimo cha haraka cha malaria kinachukua tone moja dogo kutoka kidoleni. Tone linawekwa kwenye kile kipande cheupe cha plastiki, linaongezwa dawa ya maji, na baada ya dakika kama 15 au 20 mistari inaonyesha kama vimelea vipo. Mtoto wa kilo 20 ana damu karibu lita moja na nusu mwilini. Kujaza kijiko kimoja cha chai ungehitaji mamia ya matone kama lile. Hakuna biashara hapo.

Lakini mnyonya damu yupo kweli hapa kwetu, na anakuja usiku kama Dracula. Ni mbu jike wa anofelesi. Dume hanyonyi damu. Jike anaitaka kwa ajili ya mayai yake, na huuma zaidi watu wakiwa wamelala. Watafiti waliopima mbu wa Tororo miaka ya 2001 na 2002 walikadiria kwamba mtu mmoja hapa angeweza kuumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 500 kwa mwaka. Hicho kilikuwa kiwango cha juu sana hata kwa Afrika. Baadaye zikaja neti kwa wingi, na tangu mwisho wa mwaka 2014 nyumba za wilaya hii zikaanza kupuliziwa dawa ukutani. Malaria ilishuka sana, ingawa miaka ya karibuni imeonekana kurudi. Ndiyo maana hatuwezi kukaa tu.

Basi tulifanya hivi. Jumamosi moja tulikaa wote mkekani: nyanya, wajukuu wake wawili, na sisi. Kijana akamwonyesha nyanya gemu. Nyanya alishika kile kimashine mbali na macho, akauliza, "Huyu mwenye joho ndiye mnayemwogopa? Mbona mdogo hivi?" Tukacheka wote, na safari hii mtoto naye alicheka. Halafu nyanya akamwambia mjukuu wake wa kike mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba wazimamoto ni watu wa kuzima moto, na kwamba yale mengine alimwambia ili asitembee usiku. Neno hilo lilikuwa na nguvu kuliko masomo yetu yote, maana lilitoka pale pale ilipotoka hofu. Juma lililofuata nyanya alikwenda zahanati kupima homa yake, akamchukua mtoto atazame. Alitoa kidole bila kukunja uso. Mtoto alitusimulia, "Ni tone moja tu, Mwalimu, kama la mwiba."

Wazazi na walezi, tunawaomba mambo manne.

Kwanza, mtoto akiuliza swali la kuogopa, asichekwe. Mwulize, "Nani alikuambia? Unafikiri inakuwaje?" Sisi tulicheka, na mmeona matokeo.

Pili, kabla ya kuchoma gemu au kuisifu, kaa uiangalie na mtoto wako hata nusu saa. Gemu hii si ya mtoto wa darasa la kwanza, ina mifupa inayotembea na mazimwi. Kwa wakubwa ni hadithi kama hadithi, ila wadogo wasiachwe wakichungulia bila mtu wa kuwaeleza.

Tatu, tusiwatishe watoto kwa kutumia watu watakaohitaji kesho: daktari, muuguzi, askari, mwalimu. Ukitaka mtoto asitembee usiku, mwambie sababu ya kweli. Zipo nyingi.

Nne, neti ichomekwe chini ya mkeka au godoro kila jioni. Ikitoboka, ishone. Mjeledi wa Nathan uko kwenye gemu tu, hapa silaha yetu ni ile neti.

Na kwa ninyi vijana mnaokaa nyuma ya darasa: tunafurahi mnasoma Kiingereza kupitia Nathan, na wawili wenu sasa wanawatafsiria wengine bila sisi. Endeleeni, lakini baada ya kuteka maji na kumaliza kazi ya shule. Mdogo akija kuchungulia, mwelezeni, msimtishe ili mcheke.

Na mawe ya redio yarudishwe kabla ya saa moja usiku. Wazazi wenu wanataka kusikia habari.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.