Ndugu Aliyekaa Miaka 14: Chumba ni cha Nani?

Mdogo wako alikuja Dar es Salaam kutafuta kazi, ukampa chumba cha uani pale Tabata akae kwanza ajipange. Huu ni mwaka wa 14. Ameoa, ana watoto wawili, amejenga fremu ya duka kando ya geti, na umeme ananunua yeye. Sasa unataka kuuza nyumba. Kwenye kikao cha ukoo anasimama na kusema: "Kaka, sheria inajulikana. Ukikaa mahali miaka 12, ni pako."

Kwa Tanzania Bara, sheria haisemi hivyo. Inachosema Sheria ya Ukomo ni kwamba mwenye ardhi ana miaka 12 ya kufungua shauri la kudai ardhi yake mikononi mwa mtu mwingine, na akizembea hadi muda huo upite, hasikilizwi. Hapo ndipo ilipotoka ile "miaka 12" inayotembea vijiweni, ikiwa imepunguzwa nusu ya maneno yake. Nusu iliyoachwa ndiyo yenye uzito. Mwaka 2018, katika shauri la masista wa Holy Spirit lililosikilizwa Arusha, Mahakama ya Rufani ilitaja mambo ambayo mtu anayedai ardhi kwa kuikalia muda mrefu lazima ayathibitishe yote kwa pamoja. Miongoni mwake ni kwamba mwenyewe aliitelekeza ardhi hiyo, na kwamba mdai aliikalia waziwazi, kwa nia ya kuimiliki, bila ridhaa ya mwenyewe.

Bila ridhaa. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo wakili atamuuliza mdogo wako kizimbani halihusu miaka. Atamuuliza aliingiaje. Akijibu kwamba kaka yake alimkaribisha, dai lake la umiliki limekwisha hapo hapo, hata kama amekaa miaka 40. Mahakama ya Rufani imelirudia jambo hili mara nyingi: mgeni mwalikwa hawezi kumnyang'anya mwenyeji wake ardhi kwa hoja ya urefu wa ukaaji. Katika rufaa moja ya kiwanja cha Mwanza, kati ya watu wa familia moja, majaji walikwenda mbali zaidi. Walisema hata kujenga nyumba ya kudumu, na hata kulipia kodi ya ardhi kwa jina lako mwenyewe, hakumgeuzi mwalikwa kuwa mmiliki.

Hilo la kodi nalisisitiza kwa sababu tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Anayeweka umeme ndiye anayelipa, awe mwenye nyumba, mpangaji au binamu wa sebuleni. Wapo wanaotunza zile meseji za tokeni wakiamini siku moja zitakuwa hati. Hazitakuwa.

Lakini kaka mtu asishangilie mapema. Kukosa umiliki si kukosa haki.

Ndugu aliyekaribishwa yuko pale kihalali mpaka ukaribisho utakapoondolewa, na hauondolewi kwa kutupa godoro nje usiku. Anastahili kuambiwa, na kupewa muda unaofaa wa kuhama. Sheria haikuweka idadi ya siku kwa mtu asiyelipa kodi ya pango. Wiki moja inaweza kumtosha kijana mwenye begi, ila si familia yenye watoto katikati ya muhula. Akikataa kuondoka, mwenye mamlaka ya kumtoa ni baraza la ardhi au mahakama. Ukiajiri vijana wavunje mlango, unaweza kujikuta mshtakiwa wewe, maana Kanuni ya Adhabu inakataza kuingia kwa nguvu kwenye ardhi hata kwa mtu mwenye haki ya kuingia.

Na kama amekuwa akikupa chochote kila mwezi kwa makubaliano, tazama vizuri, huenda huna mgeni tena bali una mpangaji. Upangaji wa mwezi kwa mwezi hukatishwa kwa notisi isiyopungua kipindi cha kodi.

Ile fremu ya duka nayo ina hesabu yake. Kama aliijenga wewe ukiona, ukanyamaza, au ukamwambia "endelea", kifungu cha 70 cha Sheria ya Mikataba kinampa hoja: aliyefanya jambo halali kwa ajili ya mwingine, bila nia ya kulitoa bure, anaweza kudai fidia kwa yule aliyenufaika. Asichoweza ni kuufanya ukuta wa matofali kuwa haki ya kiwanja. Wala maneno ya mama, "hapa patakuwa pako, mwanangu", hayahamishi kiwanja chenye hati. Uhamisho huo unataka maandishi.

Kuna ndugu mwingine ambaye vikao vya ukoo humsahau: binti wa shangazi aliyeletwa kutoka kijijini "kusoma", akaishia jikoni. Akiwa hajafikisha miaka 18, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inambebesha anayemlea wajibu wa chakula, mavazi, matibabu na elimu, na inakataza kazi za unyonyaji. Aliye chini ya miaka 14 haajiriwi kabisa. Akiwa mtu mzima, methali inataka mgeni apewe jembe siku ya tatu, ila sheria ya kazi itauliza alilima saa ngapi na kwa amri ya nani. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kama kuna hata kigezo kimoja kati ya vilivyotajwa. Mfano, kufanya kazi chini ya usimamizi wako, au wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Jina la undugu halifuti mshahara.

Ugumu halisi huanza aliyemkaribisha anapofariki. Mpwa aliyelelewa kama mtoto wa kuzaa harithi kwa sababu ya malezi tu. Kwa Waislamu, asiyekuwa mrithi anaweza kuachiwa kwa wasia, usiozidi thuluthi ya mali, au kupewa hiba wakati mwenye mali yu hai. Kwa wanaofuata sheria za kimila zilizotangazwa mwaka 1963, wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wasiopungua wanne. Ukimpenda mpwa wako, fanya mojawapo ukiwa hai.

Warithi nao wana hatari yao, na hii ndiyo ninayoiona ikipuuzwa zaidi. Marehemu akifa akiwa anaimiliki nyumba yake, miaka 12 ya kudai huhesabiwa tangu siku ya kifo. Haingoji arobaini, wala watoto wamalize shule, wala msimamizi wa mirathi ateuliwe. Familia inayomwachia baba mdogo "aangalie nyumba" bila kufungua mirathi, kisha ikarudi baada ya miaka 15 kumdai, inaweza kukuta hoja ya ukomo imekaa mlangoni kabla yao.

Haya yote ni ya Bara. Zanzibar ina sheria zake za ardhi na mahakama za kadhi. Wala hayamhusu mke au mume, ambaye si mgeni katika nyumba ya ndoa. Nyumba hiyo haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa yake.

Basi andikeni. Ukurasa mmoja unatosha: nani ni mwenye nyumba, nani amekaribishwa, chumba kipi, analipa nini au halipi, akijenga itakuwaje. Wekeni saini mbele ya mashahidi na mwenyekiti wa mtaa, kila mmoja abaki na nakala. Kama mmeshachelewa na ugomvi umefika, anzieni Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 kazi yake katika migogoro ya ardhi ni kusuluhisha tu. Likishindwa ndani ya siku 30, mlango unaofuata ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.