Mkojo wa Usiku na Kipaza Sauti cha Mkesha

Katika lupango moja la Mangobo, Kisangani, familia tatu au nne huweza kuishi pamoja, zikianika nguo kwenye kamba moja. Godoro la sponji likitolewa nje alfajiri, kila mtu anajua ni la nani na limeloweshwa na nini. Kisangani iko karibu kabisa na ikweta, mvua haikosekani, kwa hiyo godoro huchelewa kukauka. Watoto wakirudi shuleni wanalikuta bado pale, na mwenzao keshapata jina: kikojozi.

Jina hilo linauma, lakini zipo nyumba ambazo jambo haliishii hapo. Mama aliyechoka kufua, au baba aliyefukuzwa kazi mwaka huohuo, anamchukua mtoto hadi kwenye mkesha wa kanisa fulani la uamsho, anapewa kipaza sauti, na kuueleza mkutano mzima yanayotokea kitandani. Si makanisa yote yanayofanya hivyo, wala si wachungaji wote. Lakini tangu miaka ya 1990 maelfu ya watoto wa Kongo wameitwa walozi, ndoki, kwa ushahidi wa aina hiyo. Save the Children walilichunguza jambo hili mwaka 2006, UNICEF wakalirudia mwaka 2010, na alama zinazotajwa ni zilezile: kukojoa kitandani, kifafa, kigugumizi, tumbo lililovimba, kichwa kikubwa, macho yasiyo ya kawaida. Wengi wa watoto hao waliishia barabarani, wakawa mashege.

Tuanze na godoro. Mtu anapolala, ubongo hutoa homoni iitwayo vasopresini, inayoziamuru figo zirudishe maji mwilini ili mkojo wa usiku uwe kidogo. Mwaka 1985 watafiti wa Aarhus, Denmark, walieleza kwamba kwa watoto wanaokojoa kitandani homoni hiyo haikupanda usiku kama kwa wenzao. Kibofu kinajaa usiku wa manane, usingizi ni mzito, na mtoto hasikii mwili wake ukimwita. Kati ya watoto wa miaka 7, karibu 1 kati ya 10 yumo katika hali hii, na kila mwaka unaopita kama 15 kati ya 100 huacha bila dawa yoyote. Tena ni jambo la ukoo. Ikiwa baba na mama wote wawili walikojoa kitandani utotoni, watoto wao 3 kati ya 4 hufuata njia hiyohiyo. Laiti kabla ya kwenda mkeshani mtu angemwuliza bibi mzaa baba magodoro ya zamani yalikuwaje!

Kisangani ina sababu nyingine ya mkojo wa usiku, na hii ndiyo iliyonifanya niandike. Ni ugonjwa ambao kwetu watu huuita SS, yaani selimundu. Mwaka 2010 madaktari wa Kisangani walichapisha matokeo ya kupima damu ya watoto wachanga 520 wa eneo hili. Karibu 1 kati ya 100 alizaliwa na ugonjwa wenyewe, na zaidi ya 1 kati ya 5 alibeba nusu yake, AS, bila kuumwa.

Ndani kabisa ya figo oksijeni ni haba. Chembe za damu za mtoto wa SS zikipita hapo hujikunja kama mundu, huziba mishipa midogo, na polepole figo hupoteza uwezo wa kuzuia maji. Basi hata vasopresini ikiwa tele haisaidii: mtoto hukojoa sana mchana, na usiku pia. Kumnyima maji jioni, kama wengi wanavyoshauri, ni hatari kwake, maana mwili uliokaukiwa hukunja chembe nyingi zaidi. Bandama lake huvimba, tumbo likachomoza. Uboho hufanya kazi kupita kiasi kutengeneza damu mpya, mifupa ya paji la uso ikapanuka, kichwa kikaonekana kikubwa. Macho huwa ya njano kwa sababu damu huvunjika haraka. Usiku hulia kwa maumivu ya mifupa ambayo hakuna anayeyaona.

Isome sasa tena ile orodha ya alama za mlozi.

Kuna zito zaidi. Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 kuleta mtoto wa SS. Nyumba moja yaweza kuzika watoto wawili, watatu, na anayebaki, mnyonge, mwenye macho ya njano, ndiye anayeulizwa mbele za watu: umewala ndugu zako? Alichobeba mwilini amepewa nusu na baba, nusu na mama, na ndio hao waliosimama pembeni yake na kipaza sauti.

“Lakini mtoto mwenyewe amekiri,” watu husema. Mwaka 1995 wanasaikolojia wa Marekani, Michelle Leichtman na Stephen Ceci, walichapisha jaribio lao. Watoto wa chekechea walisimuliwa mara kwa mara habari za mtu mmoja mzembe, kisha mtu huyo akaja darasani kwa dakika chache, hakuharibu kitu, akaondoka. Wiki zilizofuata waliulizwa maswali yenye jibu ndani yake. Mwishoni, kati ya watoto wa miaka 3 na 4, 72 kati ya 100 walidai kwamba alikuwa ameharibu kitabu au dubu wa kuchezea. Nao waliulizwa kwa upole, wakiwa wameshiba. Mtoto aliyefungishwa siku kadhaa bila chakula wala usingizi, akizungukwa na watu wazima wanaopiga kelele, atasema lolote analotakiwa kusema, na pengine ataliamini.

Mwili nao una hesabu yake. Mwaka 2004 Sally Dickerson na Margaret Kemeny walikusanya tafiti 208 kuhusu kotisoli, homoni ya mfadhaiko. Hupanda zaidi pale mtu anapohukumiwa na wengine katika jambo asiloliweza. Mkojo wa usingizini ndio jambo hilo hasa. Na siku hizi simu zinainuliwa mkeshani, video inazunguka kwenye WhatsApp, na aliyeungama akiwa na miaka 8 atajikuta humo akiwa na 18.

Sheria ipo. Katiba ya 2006, ibara ya 41, inakataza kumshtaki mtoto uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, ibara ya 160, inamwadhibu anayemsingizia mtoto ulozi kwa ubaya na hadharani: kifungo cha mwaka 1 hadi 3, na faini ya faranga 200,000 hadi 1,000,000.

Dawa nayo ipo. Mwaka 2019 utafiti uliofanyika Kinshasa chini ya daktari Léon Tshilolo, na pia Angola, Kenya na Uganda, ulionyesha kuwa hidroksiurea inapunguza vifo vya watoto wa SS: kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Kupima kunahitaji damu kidogo tu ya kidole.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu wa Kisangani, ukiwa na mtoto anayelowesha godoro, mpeleke kwa mganga wa hospitali, mweleze yeye peke yake, mlango ukiwa umefungwa, na umwombe kipimo cha SS kabla ya jambo lingine lolote.