Oili Ikitoka kwa Juu

Ukishuka daladala karibu na uwanja wa Amani, hapa Unguja, ukaingia ndani kwenye gereji, ardhi hubadilika rangi. Mchanga umeshindiliwa, mweusi, unang'aa kwa mafuta, na washa kuukuu na vifuniko vya chupa vimezama humo havitoki. Fundi anatandika boksi chini ya Toyota IST, anajilaza chali na kupapasa nati ya sampu kwa spana namba 14. Pembeni ameweka kidumu cha lita tano kilichokatwa ubavu. Nati ikitoka, oili ya mwanzo haiingii kidumuni. Inaruka, inapita juu ya kiganja na kuteremka hadi kwenye kiwiko, inanywewa na mchanga, ndipo mkondo unatulia. Kwa gari moja utasema si kitu. Kwa gari za kutwa nzima, miaka nenda miaka rudi, matokeo yake ndiyo hiyo ardhi nyeusi.

Ipo njia ya kuifanya kazi hii nyumbani bila kuingia uvunguni. Kifaa chenyewe ni chupa nene ya plastiki yenye pampu ya mkono juu yake na mrija mwembamba ubavuni. Unachomoa kijiti cha kupimia oili, unaupitisha mrija kwenye tundu lile lile mpaka uhisi umegota kwenye sakafu ya sampu, kisha unapiga pampu kama mtu anayejaza upepo baiskeli, ila hapa upepo unatolewa. Hewa ikishapungua chupani, uzito wa hewa ya nje ndio unaoisukuma oili ipande mrijani. Unaiona ikipita, nyeusi, mfululizo, na huna la kufanya ila kuongeza pampu kidogo kasi inapolegea. Mrija ukianza kukoroma na kuvuta mapovu, uvute nyuma kidogo, uzungushe, urudishe chini. Mara nyingi hutoka glasi nyingine nzima.

Watu wa bahari wanaijua kazi hii zamani. Boti yenye injini ya ndani haina uvungu: sampu imekaa chini kabisa karibu na mkuku, hapaingii kidumu, sembuse mtu. Oili hutolewa kwa kufyonzwa, basi. Nchi kavu nako wapo walioifuata njia hiyo, na injini nyingi za Mercedes-Benz zimewekewa filta juu, kwa hiyo oili na filta hubadilishwa boneti ikiwa wazi na gari likiwa limesimama kwa matairi yake manne.

Injini iwe na joto, isiwe ya kuunguza. Dakika chache za kuunguruma zinatosha kwa hali ya hewa yetu, kisha izime na uiache itulie. Oili baridi ni nzito, itakuchosha mkono. Oili iliyochemka italegeza mrija wa plastiki. Jambo la kuzingatia zaidi ni kipimo. Injini ya 1NZ iliyomo kwenye IST nyingi na baadhi ya Vitz za mjini hubeba lita 3.7 ukibadilisha na filta, na 3.4 ukiiacha. Chupa ya kufyonzea ina mistari ubavuni, na hapo ndipo unapojua. Kama filta bado hujaigusa na umetoa lita mbili na nusu tu, mrija haujafika chini. Hakikisha kwanza, usije ukajaza oili mpya juu ya kuukuu.

Mafundi wana hoja zao, na si za kupuuza. Fundi mtu mzima atakwambia, "Mwanangu, tope halipandi mrijani." Kweli, injini iliyokaa muda mrefu bila kubadilishwa oili huwa na masimbi mazito chini, na nati ikifunguliwa sehemu yake hutoka. Sampu nyingine zina vizuizi vya bati ndani vinavyoupotosha mrija. Na filta za Toyota ndogo nyingi zinafikiwa kwa chini, kwa hiyo uvungu hujauepuka kabisa. Aliyelala chini, tena, ndiye anayeona sili inayovuja na buti ya ekseli iliyopasuka. Kwangu mimi hoja hii ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote, na ningependa anayefyonza nyumbani alipeleke gari likachunguliwe angalau mara moja kwa mwaka.

Lakini nati nayo ina hesabu yake. Kila inapofunguliwa, kuna mtu anaikaza kwa nguvu zote ili isivuje, na uzi wa sampu ukishaliwa, gharama inayofuata haifanani kabisa na bei ya washa.

Atakayenunua pampu hii kwa kutaka kuokoa fedha atangoja sana. Ujira wa kumwaga oili ni mdogo. Kinachokula fedha hasa ni bei ya oili na filta. Isitoshe, Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi, na anayekwenda Darajani na kurudi Amani huchukua muda mrefu kufikisha kilomita 5,000 za kubadilisha oili. Wengi tunahesabu kwa miezi.

Faida yenyewe naiona kwenye mchanga. Kisiwa hiki kimekaa juu ya mawe ya matumbawe yanayopitisha maji, na maji tunayokunywa hutoka chini ya ardhi hiyo hiyo, kwenye visima na chemchemi. Hata mfereji wa Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, uliyaleta mjini kutoka chemchemi za upande wa Bububu. Oili iliyofyonzwa haigusi kitu chochote kati ya injini na kidumu. Imefungwa, imepimwa, unaweza kuibeba.

Kuibeba wapi, hilo ni suala jengine. Seremala ataichukua kwa furaha apake mbao za paa zisiliwe na mchwa, na mwenye shamba atakuomba ya nguzo za uzio. Ya paa sina ugomvi nayo sana, mradi apakaye avae glavu, maana oili chafu ina masizi na vumbi la chuma, na haifai kukaa kwenye ngozi. Nguzo ni mambo mengine: zinafukiwa ardhini, na hapo oili imerudi kule kule tulikokuwa tukiikwepesha. Akija jirani na kidumu kutaka ya nguzo, mimi humuuliza kwanza kisima chake kiko wapi.