Fedha za msimu, ada ya mwezi: redio ipi inamfaa msikilizaji wa Ruponda?

Mkulima wa Ruponda, kusini mwa Tanzania, hushika fedha kwa msimu: ufuta ukiuzwa katikati ya mwaka, kisha korosho kuanzia Oktoba. King'amuzi na bando havijui msimu. Mwezi ukiisha vinadai. Ndiyo maana kabla ya kuuliza redio ipi ina sauti nzuri, uliza kwanza ipi utaimudu mwezi wa Machi.

Redio ya setilaiti ya kulipia ilishajaribiwa Afrika. WorldSpace, kampuni ya Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia, ilirusha setilaiti ya AfriStar Oktoba 1998, na mwaka uliofuata matangazo yakaanza. Sauti ilikuwa safi hata mbali na mji, lakini ilitaka redio maalumu ya bei kubwa, na baadaye ada. Oktoba 2008 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama kwa kushindwa kulipa madeni. Nchini Marekani, kampuni ya redio ya setilaiti ya SiriusXM bado ina wateja zaidi ya milioni 30, kwa sababu redio yake huja imefungwa ndani ya gari jipya. Msikilizaji wetu yuko kwenye palizi, na anachosubiri ni bei ya mnada wa RUNALI, chama kikuu cha ushirika. Habari hiyo huipata kwenye redio ya karibu.

Njia zilizobaki ni tatu. Ya kwanza ni redio ndogo ya FM. Unalipa mara moja tu. Kasoro yake ni kwamba mawimbi ya FM huzuiwa na vilima, kwa hiyo azima ya jirani uijaribu nyumbani kwako kabla ya kununua. Ukifika dukani, fungua mlango wa betri utazame kama springi zina kutu. Zungusha kitufe cha sauti polepole, kikikwaruza, irudishe. Chagua inayochajiwa kwa sola na yenye sehemu ya kadi ya memori.

Simu. Nyingi zina FM ndani. Chomeka spika za masikioni, waya wake ndio antena, na bando haliguswi. Redio ya mtandaoni ni jambo jingine. Matangazo ya kilobiti 64 kwa sekunde hula takriban MB 29 kwa saa. Ukisikiliza saa mbili kila siku, mwezi unakula GB 1.7, ya kilobiti 128 hula mara mbili ya hizo.

King'amuzi cha dishi. Tangu Azam TV ianze mwaka 2013, dishi limeingia nyumba nyingi, na redio huja pamoja na televisheni. Kama umeme umefika kwako, piga hesabu ya LUKU: televisheni ya wati 40 na king'amuzi cha wati 15, vikiwaka saa nne kwa siku, hula uniti 6.6 kwa mwezi. Redio ya wati 3 haifikishi hata nusu uniti. Ukitaka redio tu, unganisha king'amuzi na sabufa, uzime televisheni. Na kabla ya kulipa muulize wakala: kifurushi kikiisha, redio zinabaki au nazo zinakatika?

Ushauri wangu ni huu. Fedha za korosho zikiingia, nunua redio nzuri ya FM yenye sola. Hiyo haitakudai tena. Bando liwekee wiki za minada. King'amuzi kilipie iwapo nyumbani mnatazama televisheni kweli, si kwa ajili ya redio peke yake.

Setilaiti itaendelea kuihudumia redio kwa njia nyingine: kubeba matangazo kutoka studio hadi mtambo wa FM ulio mbali, nawe usikilize bure. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, unaotunishwa na michango ya kampuni za mawasiliano, umekuwa ukisaidia kuipeleka TBC maeneo yenye usikivu hafifu. Wateja wa kampuni hizo ni sisi. Kama kitongojini kwako redio inakoroma tu, lipeleke jambo hilo kwenye mkutano wa kijiji, liandikwe kwenye muhtasari, lifike wilayani. Ni haki yako, na haihitaji kifurushi.