Gari la Zamani Halichaji? Usikimbilie Kununua Betri

Kila anayekaa karibu na barabara ya kambi anaijua ile sauti: stata inalia tik, tik, tik, halafu kimya. Vijana wanaitwa kusukuma. Gari likiwaka dereva anacheka, anasema betri imekufa, atatafuta pesa anunue nyingine. Kweli ananunua. Baada ya miezi michache vijana wanaitwa tena.

Ndugu wasomaji, ukurasa wa mwezi huu ni wa vijana wetu wanaojifunza ufundi wa magari, lakini hata akina mama msiupite. Gari hilohilo ndilo linaloitwa usiku kumpeleka mjamzito hospitali. Na bei ya betri moja ni chakula cha watoto cha siku nyingi. Sasa ukweli ni kwamba betri mara nyingi inasingiziwa tu.

Tuchukue mfano wa Land Rover Series III, ile iliyotengenezwa kuanzia 1971 mpaka 1985. Gari hili halina kompyuta, kila kitu unakiona kwa macho na kukigusa kwa mkono, kwa hiyo ni shule nzuri ya fundi.

Kwanza mjue nani anafanya kazi gani. Betri ni ghala tu. Inatoa nguvu ya kuwasha injini, basi. Injini ikishawaka, mkanda wa feni unazungusha alteneta, na alteneta ndiyo inayolisha taa na honi na kurudisha ghalani kile kilichotolewa. Ghala likiwa tupu kila asubuhi, huenda shamba halizai, au njia ya kutoka shambani imefungwa. Kununua ghala jipya hakuleti mahindi.

Mwenye mita ya umeme ana bahati. Gari likiwa limelala usiku kucha, apime kwenye vichwa vya betri. Volti 12.6 ni betri iliyoshiba, 12.0 ni betri yenye njaa. Kisha awashe injini, akanyage mafuta kidogo, apime tena. Mita ikipanda mpaka kati ya 13.8 na 14.5, alteneta iko kazini, na hapo ndipo una haki ya kuishuku betri. Ikibaki 12 na kitu, au inazidi kushuka, hakuna chaji inayoingia. Ikipita 15, ile regyuleta inayozuia chaji isizidi imeharibika, na maji ya betri yatachemka mpaka yaishe.

Huna mita? Usiku elekeza taa kubwa ukutani injini ikiwa imezimwa. Washa injini, mwenzako akanyage mafuta. Mwanga ukiongezeka, chaji ipo. Usipobadilika kabisa, anza kutafuta.

Anza na vitu vya bure. Mkanda wa feni ukilegea unateleza, hasa siku za mvua, na unapiga kelele kama mbuzi. Ubonyeze kwa kidole gumba katikati, pale penye nafasi ndefu: ukizama kama upana wa kidole inatosha, ukizama zaidi uukaze. Halafu vichwa vya betri. Ule unga mweupe au wa kijani unazuia umeme kama udongo kwenye mfereji. Vifungue, visugue kwa msasa mpaka ving'ae, vikaze, paka grisi juu. Usiusahau waya wa bodi, ule mnene unaotoka betri kwenda kwenye chasisi, na ule unaounganisha injini na chasisi. Mafundi wengi wanauruka kwa sababu unaonekana mzima. Chini ya boliti yake kuna kutu na vumbi letu hili jekundu. Fungua, sugua, rudisha.

Sasa nifike kwenye jambo linalowashinda hata wazee wa gereji. Kuna Land Rover ya mfanyabiashara mmoja wa kijiji jirani iliyomaliza betri mbili ndani ya mwaka. Mkanda ulikuwa mzuri, nyaya safi, alteneta ilifunguliwa, makaa yake bado marefu. Kosa lilikuwa dashibodini. Ile taa ndogo nyekundu ya chaji ilikuwa imeungua.

Mtaniuliza, taa ya kuonyesha tu inaharibuje chaji? Kwenye alteneta ya Lucas iliyowekwa katika magari haya, umeme wa kwanza wa kuiamsha unapitia kwenye taa hiyo. Taa ikifa, alteneta inazunguka bila kuzalisha, ingawa pengine ukikanyaga mafuta sana inaamka yenyewe. Ndiyo maana gari kama hilo leo linachaji, kesho halichaji, na watu wanaanza kusema limerogwa. Kuipima ni rahisi: fungua swichi bila kuwasha injini. Taa nyekundu lazima iwake. Isipowaka, tafuta balbu na waya wake kwanza. Ikiwaka, na ikaendelea kuwaka hata injini inanguruma, hapo rudi kwenye mkanda na alteneta yenyewe. Balbu iwe ya volti 12 na wati 2.2, usiweke yoyote utakayookota.

Gari la dizeli linaficha ugonjwa huu zaidi. La petroli chaji ikiisha litazima njiani, kwa sababu plagi zinataka umeme. Dizeli ya zamani ikishawaka haihitaji umeme, inakwenda tu. Dereva anafika hospitali salama, anazima injini, na hapo ndipo anagundua kwamba harudi. Kama unakwenda usiku na taa nyekundu inawaka, usizime injini mpaka uegeshe kwenye mteremko.

Jambo moja nawaomba vijana mliache kabisa: kutoa kichwa cha betri injini ikinguruma eti kupima kama gari linachaji. Desturi hii ilitoka enzi za dainamo, kabla ya Series III. Kwenye alteneta unaweza kuchoma daiodi zake mara moja, na kosa la balbu likageuka kuwa kosa la alteneta nzima. Tena, Land Rover nyingi za kabla ya 1967 zilifungwa chanya kwenye bodi. Angalieni kabla ya kufunga betri, msifuate mazoea.

Tena betri ya gari haikuumbwa kuwasha taa na kuchaji simu za mtaa mzima usiku. Ikimalizwa hivyo mara kwa mara, bamba zake zinaharibika, hata alteneta iwe nzima namna gani. Inapochajiwa inatoa gesi inayoweza kulipuka, kwa hiyo sigara na mshumaa viwe mbali. Ikipungua, ongeza maji ya betri yaliyosafishwa, si asidi.

Na ile iliyokufa kweli isipasuliwe nyumbani kuyeyusha risasi yake. Huko Thiaroye, karibu na Dakar, Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 kwa sumu ya risasi iliyotoka kwenye betri kuukuu. Mrudishie muuzaji ikiwa nzima, na fundi aliyeishika anawe kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto.