Gato ya Arusi: Ya Kuliwa au ya Kutazamwa?

Wachumba wengi hushawishiwa kukodi gato ya orofa nne au tano, ambayo ndani yake ni katoni tupu. Je, ni uongo? Sisi hatuoni hivyo. Mwaka 1940, wakati wa vita, serikali ya Uingereza ilikataza kupamba gato kwa sukari. Maarusi wakakodi kifuniko cha katoni au cha plasta, na chini yake ikawekwa gato ndogo ya kweli. Haikuwa hila, bali ni uhaba.

Kinachotusikitisha ni watoto wanaongojea kipande kisichokuja, na wazazi wanaokopa fedha kwa ajili ya katoni! Wengine hufanya vema: orofa ya juu ni gato hasa, nayo ndiyo inayokatwa. Bei ya kukodi iulizwe mapema. Padri, kwa upande wake, atauliza ridhaa ya wawili na mashahidi wawili.